Skima Ikigoma Kutoka: Namna ya Kusoma na Kutibu Makosa ya Ruhusa

Umeombwa skima tu. Hakuna anayetaka data. Mhandisi wa upande wa pili anataka kuona majedwali yamepangwaje ili aandike programu yake. Unaandika amri ya mstari mmoja:

pg_dump --schema-only -U asha -d afya -f skima.sql

na badala ya faili unapewa hili:

pg_dump: error: query failed: ERROR:  permission denied for table wagonjwa

Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa kali. Mmoja anabandika sudo mbele ya amri. Mwingine anampigia simu msimamizi wa kanzidata ampe GRANT ALL. Wa tatu anaipandisha akaunti iwe superuser, skima inatoka, kila mtu anashukuru, na hakuna anayekumbuka kuishusha cheo baadaye. Ni sawa na kumkabidhi mpangaji funguo za nyumba nzima kwa kuwa ameomba wa choo. Karibu kila kosa la ruhusa katika kazi hii lina tiba ndogo kuliko hiyo, na mara nyingi tiba yenyewe imo ndani ya ujumbe wa kosa, kwa anayeusoma hadi mwisho.

Nani amekataa?

Kabla ya kugusa GRANT yoyote, jua ni nani aliyesema hapana. Wako watatu, na kila mmoja ana namna yake ya kusema.

Wa kwanza anakaa mlangoni. MySQL ikisema Access denied for user 'asha'@'localhost' (using password: YES), au PostgreSQL ikisema Peer authentication failed for user "asha", basi hujaingia ndani kabisa. Ruhusa za majedwali hazihusiki hapa, hata upewe zote. Tazama lile neno la mwisho la MySQL: YES maana yake nywila ilitumwa ikakataliwa, NO maana yake amri yako haikutuma nywila yoyote, na kosa ni la amri wala si la akaunti. Lile la Peer linatokea kwa sababu PostgreSQL inalinganisha jina lako la Linux na jina la roli unayoiomba. Ukiongeza -h localhost utapita njia nyingine iliyoandikwa katika pg_hba.conf, kwa kawaida ile inayouliza nywila.

Wa pili ni kanzidata yenyewe. Umeingia, umetambuliwa, lakini kitu unachokitaka hujaruhusiwa. Huyu hutaja kitu chenyewe: for table wagonjwa, for schema fedha, to database 'sacco'. Tutakaa naye zaidi.

Wa tatu ni mfumo endeshi. Kanzidata imekubali kila kitu, ila faili la matokeo halina pa kuandikwa: could not open output file "skima.sql": Permission denied. Kuna alama ndogo inayomtofautisha huyu na wa pili kwenye PostgreSQL, nayo huokoa muda mwingi. Ujumbe wa kanzidata huanza kwa herufi ndogo na hufuatwa na neno for: permission denied for table. Ule wa Linux huanza kwa P kubwa na huishia hapo hapo: Permission denied. Ukiuona huo wa Linux, funga psql. Shida iko kwenye folda.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea: hakikisha wewe ni nani machoni pa seva. Katika PostgreSQL andika SELECT current_user. Katika MySQL andika SELECT USER(), CURRENT_USER(). Na usishangae majibu mawili yakitofautiana. La kwanza ni jina ulilojitambulisha nalo. La pili ni akaunti ambayo seva imekuhesabu kuwa wewe. Kwa MySQL, 'asha'@'localhost' na 'asha'@'%' ni watu wawili tofauti, kila mmoja na ruhusa zake na nywila yake. Msimamizi anaweza kuapa kwamba amekupa ruhusa, nawe ukaapa kwamba huna, na wote mkawa mnasema kweli.

PostgreSQL: kwa nini skima tupu inahitaji SELECT

Swali linalowakera wengi ni hili: kama sitaki data, kwa nini naambiwa sina ruhusa ya jedwali? Jibu liko katika mstari wa pili wa kosa, ambao watu huuruka:

Query was: LOCK TABLE public.wagonjwa IN ACCESS SHARE MODE

Kabla ya kusoma umbo la jedwali, pg_dump hulifunga kwa kufuli jepesi kuliko yote, ili mtu asilifute wala kulibadilisha katikati ya kazi. Kufuli hilo halimzuii mtu kusoma wala kuandika. Lakini ili uruhusiwe kulifunga, hata kwa kufuli hilo, PostgreSQL inadai uwe na ruhusa juu ya jedwali lenyewe, na ndogo inayotosha ni SELECT. Kwa hiyo --schema-only haikuepushi na SELECT.

Cha kuchekesha ni kwamba umbo lenyewe si siri. Ukiingia psql ukaandika \d wagonjwa, utaonyeshwa safu zote, aina zake, faharasa na vizuizi, hata kama huruhusiwi kusoma mstari mmoja wa jedwali hilo. Katalogi ya PostgreSQL iko wazi kwa kila aliyeingia. Basi kama ulichoombwa ni umbo la majedwali mawili matatu, huenda huhitaji pg_dump wala ruhusa mpya.

Ukihitaji skima nzima, tengeneza akaunti ya kazi hiyo peke yake na uipe hivi:

GRANT CONNECT ON DATABASE afya TO mchota_skima;
GRANT USAGE ON SCHEMA public TO mchota_skima;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO mchota_skima;
GRANT SELECT ON ALL SEQUENCES IN SCHEMA public TO mchota_skima;

Mstari wa pili husahaulika kuliko yote. SELECT kwenye jedwali bila USAGE kwenye skima inayolibeba haifanyi kazi, na kosa lake linasema permission denied for schema. Kama kanzidata ina skima tano, USAGE itolewe mara tano.

Kisha unaendesha amri, inapita, unaiweka kwenye cron, na wiki tatu baadaye inagoma tena kwa jedwali ambalo hujawahi kulisikia. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na halitokani na mtu kuondoa ruhusa. ALL TABLES maana yake ni majedwali yote yaliyopo dakika unapobonyeza Enter. Jedwali litakalozaliwa kesho halimo.

DHIS2 ni mfano ulio karibu nasi. Mfumo huu wa takwimu za afya, unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, hukaa juu ya PostgreSQL. Majedwali yake yanayoanza na neno analytics hayakai: kila kazi ya uchambuzi inapoendeshwa, na wasimamizi wengi huipanga usiku, yanajengwa upya na yale ya zamani yanatupwa. Ruhusa uliyoitoa mchana kwa mkono inatupwa pamoja nayo. Asubuhi akaunti yako inakutana na majedwali yenye majina yale yale lakini ambayo hayaijui.

Tiba ziko mbili. Kwa majedwali ya namna hiyo, ambayo mfumo utayajenga upya wenyewe, yaache nje ya amri:

pg_dump --schema-only -T 'analytics*' -T '_*' -U mchota_skima -d dhis2 -f skima.sql

Jedwali lililoachwa kwa -T halifungwi, kwa hiyo halidai ruhusa. Kwa majedwali mengine mapya, weka ruhusa ya chaguo-msingi:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE dhis IN SCHEMA public GRANT SELECT ON TABLES TO mchota_skima;

Usiuruke ule mkia wa FOR ROLE. Amri hii inahusu tu vitu vitakavyoundwa na roli uliyoitaja. Ukiiacha, PostgreSQL inachukulia unazungumzia vitu utakavyounda wewe mwenyewe unayeandika amri, ambaye pengine ni postgres, ilhali majedwali mapya huundwa na roli ya programu. Amri itakubaliwa bila kosa lolote na haitasaidia kitu.

Kuanzia toleo la 14, lililotoka mwaka 2021, kuna njia ya mkato: GRANT pg_read_all_data TO mchota_skima. Roli hii inasoma majedwali, viu na sikwensi zote, za leo na za kesho, na inayo USAGE ya kila skima. Naipenda kwa nakala rudufu za usiku, kwa sababu inaondoa hadithi yote ya hapo juu. Kwa mkandarasi wa nje anayetaka kuona umbo tu, siipendi hata kidogo: inamruhusu kusoma data zote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Akaunti inayoweza kusoma jedwali la wagonjwa ni akaunti yenye taarifa binafsi, hata kama mwenye nayo ameahidi kutumia --schema-only peke yake. Kwa mtu kama huyo, endesha amri wewe na umpelekee faili.

Kama hujui ni majedwali mangapi yatakugomea, usiendeshe pg_dump mara kumi ukitibu moja moja. Uliza yote kwa mpigo:

SELECT tablename, tableowner FROM pg_tables
WHERE schemaname = 'public'
AND NOT has_table_privilege('mchota_skima', format('%I.%I', schemaname, tablename), 'SELECT');

Safu ya mmiliki itakuonyesha pia ni roli ipi ya kuandika kwenye FOR ROLE. Na ukitaka kusoma ruhusa za jedwali moja kwa macho, \dp wagonjwa itakupa herufi kama mchota_skima=r/dhis. Herufi r ni SELECT, a ni INSERT, w ni UPDATE, d ni DELETE. Jina baada ya mkwaju ni la aliyetoa ruhusa. Ukiona alama ya usawa haina jina mbele yake, ruhusa hiyo ni ya kila mtu.

Jirani wa pg_dump, yaani pg_dumpall, ana kosa lake maalumu: permission denied for table pg_authid. Jedwali hilo hubeba nywila zilizosimbwa za roli zote na husomwa na superuser tu. Kwenye kanzidata nyingi za kukodi za mtandaoni hutapata cheo hicho hata ukilipa. Ongeza --no-role-passwords, iliyoanza toleo la 10, na itasoma sehemu isiyo na nywila.

Faili linaandikwa na nani?

Sehemu hii ni fupi lakini inawaumiza hata wazoefu, kwa sababu sudo inaonekana kama jibu.

Chukua amri hii: sudo -u postgres pg_dump -d afya -s -f /home/asha/skima.sql. Anayeandika faili ni mtumiaji postgres, ambaye hana kazi yoyote nyumbani kwa Asha. Ubuntu tangu toleo la 21.04 hufunga folda za nyumbani kwa wengine, kwa hiyo hata kilichokuwa kikipita zamani sasa kinakwama. Badilisha -f kwa mshale:

sudo -u postgres pg_dump -d afya -s > /home/asha/skima.sql

Sasa inapita, kwa kuwa mshale unashughulikiwa na Bash ya Asha kabla sudo haijaanza. Kanuni hiyo hiyo hugeuka na kukuuma upande wa pili: sudo mysqldump sacco > /var/backups/sacco.sql inakataliwa, ingawa umeandika sudo, maana anayefungua faili bado ni wewe wala si root. Andika sudo sh -c 'mysqldump sacco > /var/backups/sacco.sql' au pitisha matokeo kwa sudo tee.

Ukiona could not change directory to "/home/asha": Permission denied, usihangaike nayo. Ni onyo tu kwamba postgres hawezi kusimama kwenye folda uliyomo, kazi inaendelea. Andika cd /tmp kwanza kama linakukera.

Kuna pia kosa la ruhusa lililo kinyume, la kufungua mno. Faili la ~/.pgpass likisomeka na wengine, PostgreSQL inalipuuza na kukuonya kwamba ruhusa zake ziwe 0600. Baada ya hapo utaombwa nywila, na kwenye cron hakuna wa kuijibu. chmod 600 ~/.pgpass na limekwisha.

MySQL: anayekataa kwa sauti na anayenyamaza

Mwezi Julai 2020 skripti nyingi za nakala rudufu zilianza kulia bila mtu kuzigusa. Matoleo ya 5.7.31 na 8.0.21 yalibadilisha sharti moja, na mysqldump ikaanza kusema:

'Access denied; you need (at least one of) the PROCESS privilege(s) for this operation' when trying to dump tablespaces

Wengi walitii ujumbe na kutoa PROCESS. Si kosa, lakini PROCESS ni ruhusa ya seva nzima. Mwenye nayo anaona maswali yanayoendeshwa na watumiaji wengine wote, pamoja na thamani zilizomo ndani ya maswali hayo. Anayetoa skima ya kanzidata moja kwa kawaida hahitaji taarifa za tablespace hata kidogo. Ongeza --no-tablespaces na uendelee na maisha.

La pili kwa umaarufu ni kosa namba 1044 linalotaja LOCK TABLES. Hapa mysqldump inataka kufunga majedwali yote kabla ya kuanza. Kwa skima bila data andika --skip-lock-tables; kwa nakala yenye data ya InnoDB andika --single-transaction, ambayo inazima ufungaji huo na bado inakupa picha ya wakati mmoja. Toa ruhusa ya LOCK TABLES kama bado una majedwali ya MyISAM.

Namba 1142 ikitaja SHOW VIEW inajieleza: GRANT SHOW VIEW ON sacco.* TO 'asha'@'localhost'. Namba 1449 ndiyo inayochanganya, kwa sababu inamtaja mtu asiyekuwepo: The user specified as a definer ('juma'@'%') does not exist. Juma aliunda viu mwaka fulani, akaacha kazi, akaunti yake ikafutwa kama inavyotakiwa, na viu zake zikabaki zinaendeshwa kwa jina la marehemu. Tiba sahihi ni kuziandika upya viu hizo kwa ALTER DEFINER zikiwa na akaunti ya taasisi badala ya ya mtu. Tiba ya leo jioni, kama kazi inasubiriwa, ni kuirudisha akaunti ya Juma na ruhusa inazohitaji, ikiwa imefungwa kwa ACCOUNT LOCK: hakuna atakayeweza kuingia nayo, lakini MySQL itaendelea kuitambua kama mmiliki wa viu.

Kwenye MySQL 8 kuna mtego wa roli. Msimamizi amekupa roli yenye kila unachohitaji, SHOW GRANTS inaionyesha, na bado unakataliwa. Andika SELECT CURRENT_ROLE(). Ikijibu NONE, roli umepewa ila haijawashwa. Kwa kawaida MySQL haiwashi roli mtu anapoingia. SET DEFAULT ROLE ALL TO 'asha'@'localhost' inamaliza ubishi.

Haya yote yanapiga kelele, na kosa linalopiga kelele halina madhara makubwa. Ogopa lile lisilosema. MySQL humwonyesha mtu triga za majedwali ambayo ana ruhusa ya TRIGGER tu. Asiye nayo haambiwi kwamba amezuiwa. Anaonyeshwa orodha tupu. Kwa hiyo mysqldump inatoa skima nzuri, inamaliza bila kosa, na triga hazimo. Ukiirudisha skima hiyo kwenye seva mpya, kila kitu kitaonekana sawa mpaka siku mtu atakapogundua kwamba jedwali la ukaguzi halijaandikwa mstari tangu mhame. Kwa maoni yangu hii ni tabia mbaya kwa chombo cha nakala rudufu, na pg_dump, inayosimamisha kazi yote kwa jedwali moja, inafanya vizuri zaidi ingawa inaudhi.

Prosija nazo hazitoki kabisa usipoandika --routines, wala matukio ya ratiba usipoandika --events. Hilo si suala la ruhusa ila matokeo yake yanafanana. Ukiandika --routines na ukaona insufficient privileges ikitaja SHOW CREATE PROCEDURE, tangu toleo la 8.0.20 ipo ruhusa ndogo ya kazi hiyo hiyo iitwayo SHOW_ROUTINE. Kabla yake ilibidi mtu apewe SELECT pana kuliko anachohitaji.

Na tafadhali, usitumie --force ili kuyaruka makosa. Inafanya kazi yake vizuri mno.

Oracle kwa ufupi

Data Pump, chombo cha Oracle cha kutoa skima kwa amri ya expdp, kina jambo moja la kuelewa, mengine yanafuata: expdp haiandiki faili kwenye kompyuta yako. Seva ndiyo inayoandika, kwenye folda iliyosajiliwa ndani ya kanzidata kama kitu kiitwacho DIRECTORY. Hivyo kuna ruhusa mbili tofauti, na makosa yake yanaanza kwa namba zile zile, ORA-39002 na ORA-39070. Soma namba inayofuata. Ikiwa ni ORA-39087, akaunti yako haina haki kwenye DIRECTORY au jina limekosewa: GRANT READ, WRITE ON DIRECTORY folda_skima TO asha. Ikiwa ni ORA-29283, kanzidata imekubali ila Linux imekataa. Folda haipo au mtumiaji oracle hawezi kuiandikia. Oracle haikagui kama folda ipo unapoisajili, kwa hiyo herufi moja iliyokosewa hujificha hadi siku ya kutoa.

ORA-31631 ikifuatwa na ORA-39109 inamaanisha unajaribu kutoa skima ya mtu mwingine. Hiyo inataka roli ya DATAPUMP_EXP_FULL_DATABASE, ambayo ni kubwa. Rahisi zaidi ni mwenye skima aendeshe expdp mwenyewe kwa CONTENT=METADATA_ONLY. Na ukiona ORA-31633 pamoja na ORA-01031, akaunti haina CREATE TABLE. Data Pump huunda jedwali lake la kazi ndani ya skima ya anayeiendesha, na bila nafasi hiyo haianzi.

Imetoka, lakini imetoka nzima?

Faili kuwepo si ushahidi. Ukitumia mshale, Bash hulifungua faili kabla chombo hakijaanza, kwa hiyo kosa la ruhusa linakuachia faili la baiti 0 lenye jina zuri na tarehe ya leo. Ukipitisha kwa gzip, hali ni mbaya zaidi: gzip iliyolishwa hewa hutoa faili la baiti 20, halina alama yoyote ya kosa, na mfumo wako wa cron unapokea jibu la gzip kwamba mambo ni shwari. Weka set -o pipefail mwanzoni mwa skripti za Bash ili kosa la chombo cha kwanza lisifunikwe na mafanikio ya cha pili. Ukikuta folda yenye safu ya faili za baiti 20, umepata jibu la kwa nini hakuna nakala rudufu.

Tazama mistari ya mwisho kwa tail. pg_dump ikimaliza vizuri huandika PostgreSQL database dump complete. Mysqldump huandika Dump completed on na tarehe. Kisha hesabu: grep -c 'CREATE TABLE' skima.sql ilinganishwe na idadi iliyoko kwenye seva, na kwa MySQL hesabu triga pia, ukitumia akaunti yenye ruhusa kamili ili usidanganywe na orodha ile ile tupu.

Halafu irudishe kwenye kanzidata tupu:

createdb jaribio
psql -d jaribio -v ON_ERROR_STOP=1 -f skima.sql

Hapa huzuka kundi jingine la makosa ya ruhusa. role "dhis" does not exist maana yake faili limebeba majina ya wamiliki wasiokuwepo upande huu. Toa upya kwa -O kuacha umiliki na -x kuacha ruhusa. Fahamu tu kwamba -x inaacha GRANT zote, kwa hiyo usiitumie kwa nakala utakayoitegemea siku ya maafa. Na ukihamia PostgreSQL 15 au zaidi ukakutana na permission denied for schema public, toleo hilo la mwaka 2022 liliondoa haki ya kila mtu kuunda vitu ndani ya public. Mmiliki wa kanzidata atoe GRANT CREATE ON SCHEMA public kwa roli inayorudisha skima.

Unapomwandikia msimamizi

Kama ruhusa haziko mikononi mwako, namna unavyoomba ndiyo itakayoamua utajibiwa leo au Ijumaa ijayo. Usiandike "nakataliwa, naomba access". Bandika amri nzima uliyoendesha bila nywila, ujumbe wote wa kosa pamoja na mstari wa pili, jibu la current_user au CURRENT_USER(), na toleo la seva. Kisha mwandikie GRANT unayoiomba kwa maneno yake kamili, na useme itahitajika hadi lini. Msimamizi anayepokea barua hiyo anasoma, anakagua, anabandika. Anayepokea "naomba access" analazimika kukisia, na akiwa na haraka atakisia kwa GRANT ALL.

Kazi ikiisha, mwandikie tena akufungie akaunti. Usimsubiri akumbuke mwenyewe.